Ndege ya Saa Tatu

Jalada lilikuwa na kurasa arobaini na moja. Inspekta alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akaketi, akazisoma tena akianzia nyuma.

Pale kituoni walimwita Rula. Jina lilitokana na rula ya chuma ya sentimita thelathini aliyotembea nayo kwenye mkoba. Wenye ulimi mrefu waliongeza kuwa hata sauti yake ilikwenda kwa mstari, haipandi wala haishuki. Alikwisha kuyasikia yote mawili na hakuwahi kumsahihisha mtu.

"Inatakiwa saini yako tu," Mkuu wa kituo alisema akiwa ameegemea fremu ya mlango. "Kesho asubuhi Mkwe anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Nataka jalada kabla ofisi hazijafungwa."

"Utalipata likiwa tayari, Mkuu."

"Liko tayari."

"Basi halitachelewa."

Mkuu alikaa kidogo kana kwamba anatafuta kosa katika jibu hilo. Hakuliona. Akaenda zake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi iliyopita fundi mizani mmoja, mzee wa miaka sitini na nane, aliuawa ndani ya karakana yake. Alipigwa kisogoni na jiwe la mizani la kilo tano, na jiwe likaachwa sakafuni, limefutwa safi. Muda wa kifo haukuwa na mjadala. Mzee alikuwa akizungumza kwa simu na mwenye duka la nafaka, na mwenye duka akasikia kishindo, kisha kimya. Kampuni ya simu ilitoa rekodi: saa mbili na dakika arobaini na nne asubuhi.

Aliyeshikwa ni mume wa binti wa marehemu. Alikuwa fundi wa hapo hapo karakanani, na kituo kizima kilimwita Mkwe. Siku tatu kabla ya kifo, mzee alimtuma mji wa juu kukagua mizani ya kupimia malori. Alirudi hapa mji wa chini kwa ndege asubuhi ile ile ya Alhamisi. Mwenyewe alisema baba mkwe alipokata roho yeye alikuwa hajarudi. Jalada lilisema alikuwa amekwisha kurudi.

Koplo aliingia na vikombe viwili vya chai, mkono mmoja kila kikombe, akaufunga mlango kwa kisigino. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mzaha, na mahojiano yote ya Mkwe aliyaandika yeye.

"Afande, kesi hii imejifunga yenyewe," alisema. "Bado utepe tu."

"Nionyeshe ilipofungwa."

Koplo aliweka vikombe, akainua kidole gumba. "Moja, tiketi. Ndege ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, kutoka mji wa juu. Shirika la ndege tuliliandikia barua, wakajibu jina lake lipo." Kidole cha pili. "Mbili, uongo. Kasema safari ilichukua saa tatu. Mimi njia ile nimeipanda nikimsindikiza mfungwa. Hujamaliza hata kufungua kile kikaratasi cha karanga, mnashuka. Sasa mtu arefushe safari ya nini, kama hafichi kitu?" Kidole cha tatu. "Tatu, msimamizi wa karakana alimwona akitoka getini saa tatu kasoro dakika kumi."

"Na nyumbani alifika saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Mkewe kasema hivyo, na jirani aliyekuwa anafua nje kasema hivyo."

"Ndege hukaa angani muda gani, Koplo?"

"Saa moja na ushee."

"Ushee ni dakika ngapi?"

Koplo alicheka. "Afande, ushee ni ushee."

"Tuupime."

Ukutani, nyuma ya mlango, palikuwa na ramani ya shule iliyochanika pembe moja. Rula alitoa rula yake, akaiweka kwenye kitone cha mji wa chini, akaizungusha polepole mpaka ukingo wake ukagusa kitone cha mji wa juu. Sentimita ishirini na nne. Alisoma maandishi madogo chini ya ramani: kila sentimita moja ni kilomita arobaini.

"Mia tisa na sitini," alisema.

"Kwa basi ni elfu moja mia tatu. Kibao kiko pale stendi."

"Basi linazunguka mlima. Ndege hainyooshi njia ya basi, inanyoosha ya kwake."

Alirudi mezani, akapiga namba ya shirika la ndege, akaweka simu kwenye spika. Aliyepokea ni karani wa ratiba, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa mlo.

"Njia ya kutoka mji wa juu mnatumia ndege za pangaboi au za jeti?"

"Jeti, mama. Za pangaboi zilistaafishwa mwaka juzi."

"Huko juu zinakwenda kilomita ngapi kwa saa?"

"Zikishatulia, mia saba na hamsini. Lakini usigawe hivyo hivyo ukadhani umemaliza. Kuna kutembea ardhini, kuna kupanda, kuna kushuka. Ongeza dakika kumi na nane."

"Na upepo?"

"Ukija usoni, ongeza tano. Ukisukuma mgongoni, punguza tano. Sisi tunauhesabu, abiria wanatulaumu."

"Saa za miji miwili ni zile zile?"

"Zile zile."

Alishukuru, akakata simu, akaandika kwenye karatasi ya mistari. Mia tisa na sitini kugawa kwa mia saba na hamsini. Saa moja na dakika kumi na saba. Akajumlisha kumi na nane.

"Saa moja na dakika thelathini na tano," alisema. "Ushee wako ni dakika thelathini na tano."

Koplo aliinamia karatasi, na uso wake ukachangamka. "Unaona sasa. Kapaa saa kumi na mbili na robo, katua saa mbili kasoro dakika kumi. Kutoka uwanjani hadi karakana ni dakika arobaini, njia hiyo nimeipima kwa gari la kazi. Saa mbili na nusu yuko mlangoni kwa mzee. Afande, umenikazia fundo."

"Pengine." Rula alipiga mstari chini ya hesabu. "Hiyo ni hesabu ya kwenda mbele, na inaanzia kwenye tiketi. Tuihesabu na kurudi nyuma, tuanzie nyumbani kwake. Pale wamemwona watu wawili."

Akaandika: saa tano na nusu. Kutoka uwanjani hadi nyumbani, dakika arobaini. Kungoja begi, dakika kumi na tano. Akatoa. Saa tano kasoro dakika ishirini na tano. Akatoa safari yenyewe, saa moja na dakika thelathini na tano.

Kalamu ilisimama. Jibu lilikuwa saa tatu kamili.

Alifungua jalada ukurasa wa kumi na tisa, akaligeuza kumwelekea Koplo, akaweka rula chini ya mstari mmoja.

*Swali: Safari ya ndege ilikuwa saa ngapi? Jibu: Saa tatu. Swali: Una hakika ni saa tatu? Jibu: Saa tatu, labda na dakika moja mbili.*

Na chini yake, kwa mwandiko ule ule: *Mtuhumiwa anadai safari ilichukua saa tatu.*

"Ulimuuliza kwa maneno haya haya?"

"Neno kwa neno."

"Ulikuwa unauliza nini?"

"Muda."

"Muda upi?"

"Wa kukaa ang—" Koplo alisoma mstari mara ya pili, midomo ikicheza. "Wa kukaa angani," alimalizia, kwa sauti ndogo.

"Na yeye alijibu muda upi?"

Koplo alivuta kiti. Chai yake ilikuwa imeanza kufanya utando. "Lakini nilimbana, afande. Nilimwambia waziwazi, hakuna ndege ya saa tatu njia ile. Akang'ang'ania ipo. Nikasema haipo. Akasema ipo, nimeipanda. Tulikwenda hivyo nusu saa nzima."

"Kila mtu na ndege yake."

"Na ratiba je? Nimeiangalia. Asubuhi zinaondoka mbili tu, ya kumi na mbili na robo na ya mbili na nusu. Ya saa tatu haipo, ulisome neno kwa mbele au kwa nyuma."

"Hiyo ni kweli," Rula alisema. "Kwa hiyo bado hatujui. Tukamsikilize."

Mahabusu ilikuwa mwisho wa korido, chumba cha saruji chenye dirisha la juu lisilofunguka. Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la zege, mikono katikati ya magoti. Walikuwa wamemvua mkanda, na kila aliposimama ilimbidi aishike suruali. Alipomwona Koplo hakusimama.

"Kama ni habari za saa tatu tena, andikeni mnavyotaka," alisema. "Mimi maneno yameniishia."

"Sitakuuliza saa," Rula alisema. Alikaa upande wa pili wa benchi. "Nisimulie asubuhi ya Alhamisi tangu ulipoamka. Kwa sharti moja. Neno saa usilitaje, wala dakika. Nisimulie ulichokiona."

Mkwe alimtazama kwa mashaka. "Kama mchezo wa watoto?"

"Kama huo."

Alifikiri. "Niliamka giza. Nililala kwa dada yangu, na umeme kwao ulikatika tangu jioni, simu ikafa. Teksi ikaja. Tumefika kwenye mzunguko wa soko, tairi la nyuma likapasuka, dereva hana jeki. Nikatoka mbio na begi. Nafika uwanjani, naiona ndege kwenye kioo, inanigeuzia mkia."

Koplo aliyekuwa mlangoni alikohoa.

"Endelea," Rula alisema.

"Yule binti wa kaunta akaniambia, kaka, umechelewa kidogo tu, lakini kidogo chako ndicho kilichofunga mlango. Nikamsihi. Mtambo wao ulikuwa umelala, akaniandika kwa kalamu chini kabisa kwenye orodha ya ndege inayofuata. Nikakaa benchi. Jua likapanda mpaka likaja usoni, nikahama benchi. Wakatuita, tukapanga foleni, wakaturudisha. Kuna mtu analeta vifaranga, makatoni na makatoni, bado wanayapakia. Tulipopaa, vile vifaranga vililia njia nzima. Mama mmoja nyuma yangu alisema huu ni usafiri au banda."

"Ulimwambia nani kwamba ndege ya kwanza imekuacha?"

"Kwa simu ipi?"

"Ulipofika nyumbani?"

"Nilimkuta mke wangu yuko chini sakafuni, ameshapigiwa simu ya msiba wa baba yake. Nianze kumsimulia habari za tairi?" Alipangusa uso kwa kiganja. "Halafu hawa wakaja. Tangu wanichukue hajafika hapa hata mara moja."

"Mbona mimi hukuniambia umeachwa?" Koplo aliuliza.

"Uliniuliza?" Mkwe aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Uliniuliza saa, mzee, nikakupa saa. Ukaniambia haipo. Nikakwambia nimeipanda. Ukasema nisikupotezee wakati."

Koplo alitazama korido.

"Mke wangu anaamini ni mimi?" Mkwe alimuuliza Rula.

"Sijaongea naye bado," Rula alisema, na hilo lilikuwa kweli. Alisimama. "Nitaongea naye nikiwa na la kumwambia."

Karani wa ratiba alipokea simu kwa mlio wa kwanza. Safari hii mlo ulikuwa umekwisha.

"Barua yenu naikumbuka," alisema. "Mliuliza kama jina lipo kwenye ndege ya kumi na mbili na robo. Tulijibu lipo. Tiketi imekatwa, jina litakosaje kuwepo? Hamkuuliza kama mwenye jina alipanda."

"Nauliza sasa."

Makaratasi yaligeuzwa. "Hakupanda. Kiti kilikwenda kitupu."

"Na ndege ya pili?"

"Ratiba mbili na nusu. Iliruka..." Alinyamaza. "Iliruka saa tatu na dakika mbili. Ilicheleweshwa na mzigo."

"Mzigo gani?"

"Vifaranga wa siku moja, katoni mia na ishirini."

"Orodha ya waliopanda unayo mbele yako?"

"Ninayo. Imepigwa chapa, halafu chini kuna mtu kaongezwa kwa kalamu. Mwandiko wa huyu binti ni kama hao vifaranga walipita na wino. Subiri." Alilisoma jina herufi moja moja. Rula alifuata kwa ncha ya rula kwenye jalada. Herufi zilikubaliana zote. "Alikaa kiti cha ishirini na mbili," karani aliongeza. "Wakatua saa tano kasoro dakika ishirini na tatu."

"Nahitaji nakala ya karatasi hiyo, na saini yako, na namba ya huyo binti."

"Hilo mngeniomba tangu wiki iliyopita, mama, ningewapa wiki iliyopita."

Simu ilipokatika, Koplo alikuwa anatazama nje dirishani. "Mimi ndiye niliyeandika, afande."

"Wewe uliandika ulichosikia. Utaandika maelezo ya nyongeza useme ulisikiaje." Rula alikunja karatasi ya hesabu katikati, akaiweka ndani ya jalada. "Kidole gumba kimeondoka, na cha pili. Cha tatu bado kimesimama."

"Msimamizi? Si alikosea mtu tu. Asubuhi, mbali, shati linafanana."

"Inawezekana. Twende akatuambie alikosea vipi."

Karakana ilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na shaba iliyosuguliwa. Mizani za kuning'inia zilipangwa darini kwa ukubwa, na kwenye rafu mawe ya kilo yalisimama mstari mmoja, kubwa kwa dogo. Nafasi ya kilo tano ilikuwa wazi. Msimamizi aliwapokea kwenye chumba cha marehemu. Meza ilikuwa mpya, au ilihamishiwa mle siku hizo, kwani miguu yake haikulingana na alama za zamani sakafuni.

"Karibuni, karibuni. Koplo, wiki moja tu umeongeza mkanda tundu?"

"Chai ya kazini," Koplo alisema bila kucheka.

"Pole na msiba," Rula alisema. "Ulikaa na mzee miaka mingi."

"Ishirini na miwili. Kila mizani unayoiona hapo imepita mkononi mwangu."

"Na nani angeishika karakana yeye akipumzika?"

Msimamizi alinyoosha aproni yake. "Mzee alisema Mkwe. Damu ni damu, mama. Mimi sikuwa na neno."

"Nimekuja kwa ajili ya yale maelezo yako. Kesi inakwenda mahakamani, nataka yawe kamili. Ulimwona Mkwe getini."

"Saa tatu kasoro dakika kumi. Mimi naingia, yeye anatoka."

"Kwa mbali?"

"Mbali wapi? Kama mimi na wewe hivi. Shati la bluu, begi la safari mkononi. Tukasalimiana hata."

"Hukumfananisha na mtu mwingine?"

"Nimfananishe mtu tunayekula naye sahani moja?"

"Alisemaje?"

"Alisema shikamoo. Akasema ametoka uwanjani moja kwa moja, ana haraka."

Rula aliandika. Hakuharakisha. "Na hesabu ya safari yake inakubali?"

"Inakubali. Ndege yake inatua kabla ya saa mbili. Tiketi nilimkatia mimi, mzee aliniagiza. Kumi na mbili na robo, kiti cha dirishani. Sasa piga mwenyewe, uwanjani mpaka hapa ni dakika arobaini."

"Tumepiga, tukapata hiyo hiyo. Uliongea naye kwa simu asubuhi ile?"

"Hapana, hakuwa anapatikana."

"Kwa hiyo ya ndege uliyajua kwa tiketi."

"Kwa tiketi, na kwa macho yangu."

Alimsomea maelezo yote, mstari kwa mstari, akimuuliza kila mwisho wa mstari kama ndivyo. Msimamizi alisema ndivyo mara saba. Rula akamsogezea karatasi na kalamu. Alitia saini kubwa yenye mkia, akaandika na tarehe bila kuambiwa.

"Ndege ya kumi na mbili na robo haikumleta," Rula alisema. "Ilimwacha."

Msimamizi alikuwa bado ameinamia meza. "Ilimwacha?"

"Teksi ilipata pancha. Alikuja na ya pili. Dakika uliyosalimiana naye hapo getini, alikuwa kwenye foleni ya uwanja wa mji wa juu, kilomita mia tisa na sitini kutoka hapa. Kuna jina lake, namba ya kiti, na mtu aliyeliandika kwa mkono."

Nje, mtu alikuwa anajaribu mizani, akipandisha jiwe na kulishusha, chuma kikilia kwenye sahani. Msimamizi aliitazama karatasi aliyoitia saini.

"Hakusema," alisema. "Hakumwambia mtu."

"Hakumwambia mtu," Rula alikubali. "Angekupigia vipi, na simu yake imezima? Ungejua, ungechagua saa nyingine."

Koplo alikuwa amekwisha kusogea, akasimama kati ya meza na mlango. Rula alikausha wino kwa pumzi, akaingiza maelezo ndani ya jalada, ukurasa wa arobaini na mbili.

"Vua aproni, bwana," Koplo alisema. "Tunakwenda wote."

Msimamizi alihangaika na fundo la mgongoni. Lilimshinda, na Koplo akamfungulia.

Kwenye gari Rula alikaa mbele. Alipiga simu kituoni, akamwomba askari wa zamu amtoe Mkwe mahabusu, amkalishe ofisini kwake, ampe maji. Kisha akamwomba atafute kwenye jalada la nakala namba ya binti wa marehemu.

"Nimpigie mimi, afande?" askari aliuliza.

"Hapana. Piga, ikianza kuita mpe Mkwe simu. Halafu wewe toka nje, ufunge mlango."